Meno ya mbele yenye rangi ya kahawia: mliotibiwa, mmeridhika na tabasamu lenu?

Binti_Kikatiti

Wana jukwaa, habari zenu. Nimezaliwa na kukulia Kikatiti, wilayani Arumeru, katika ukanda ambao maji ya mito na visima vyake vingi yana madini mengi ya floraidi, na kama ilivyo kwa wenzangu wengi wa huko, meno yangu ya kudumu yaliota yakiwa ya kahawia. Meno mawili makubwa ya mbele ya juu yana mabaka ya kahawia iliyokolea katikati, yanayofuata yana michirizi myeupe isiyong'aa, na moja kati ya yale makubwa limemeguka kidogo kwenye ncha. Hayana matundu, hayaniumi, na muwa natafuna bila wasiwasi.

Nilipokuwa shuleni jambo hili halikunisumbua hata kidogo, kwa sababu karibu darasa zima tulikuwa hivyo hivyo na hapakuwa na wa kumcheka mwenzake. Nilianza kuliona nilipohamia Dar es Salaam kufanya kazi ya mapokezi hotelini. Wageni hawasemi kitu, lakini wafanyakazi wenzangu huniuliza kwa utani kama mimi ni mtu wa Arusha hata kabla sijajitambulisha, na siku hizi najikuta nacheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Katika picha ya idara yetu iliyotundikwa ukutani, ni mimi peke yangu niliyefumba midomo.

Nimekwenda kliniki mbili kuomba ushauri. Ya kwanza ilipendekeza niwekewe vinia za kauri, yaani magamba membamba yanayobandikwa mbele ya meno, kwenye meno 8 ya juu. Ya pili ilipendekeza meno yasuguliwe kwa dawa maalumu, yang'arishwe, kisha sehemu iliyomeguka izibwe kwa kijazo chenye rangi ya jino. Tofauti ya gharama kati ya njia hizo ni kubwa, na bima yangu haigharamii yoyote kati yake, ila fedha si swali langu kuu kwa kuwa nimekuwa nikiweka akiba kwa ajili hiyo.

Ninachotaka kujua ni hiki: ninyi mliokwisha kutengenezewa meno ya mbele, kwa njia yoyote ile, mmeridhika? Sizungumzii furaha ya siku ile mnapotoka kliniki na kioo mkononi. Nazungumzia baada ya mwaka au zaidi, mnapokula, mnapozungumza na watu, mnapopigwa picha bila kujiandaa. Nawaomba pia madaktari waliomo humu wanisaidie kuelewa kwa nini kliniki mbili ziyatazame meno yaleyale na kutoa ushauri unaopishana kiasi hicho.

Tabibu_wa_Kinywa

Dada Binti_Kikatiti, ahsante kwa swali lako. Mimi ni daktari wa kinywa na meno na nimefanya kazi Kaskazini kwa muda mrefu, kwa hiyo meno ya namna yako nayafahamu vizuri.

Nianze na jambo moja dogo ambalo lina uzito katika uamuzi wako. Umesema meno yaliota yakiwa ya kahawia, lakini kwa kawaida sivyo inavyokuwa. Jino lililoathiriwa na floraidi huota likiwa jeupe lisilong'aa, kwa kuwa gamba lake gumu la nje, yaani enameli, lilijengwa likiwa na vitundu vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona. Baada ya kuota ndipo rangi ya vyakula na vinywaji hupenya humo na kukaa, na ndipo enameli iliyo dhaifu humeguka kutokana na kutafuna. Maana yake ni kwamba kahawia unayoiona huenda imekaa kwenye tabaka la juu tu, na ikiwa hivyo inaweza kuondolewa au kupunguzwa sana bila kulichonga jino.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa tofauti kati ya kliniki zako mbili. Athari za floraidi zina madaraja. Kipimo kinachotumiwa sana na watafiti, ambacho Thylstrup na Fejerskov wa Denmark walikichapisha mwaka 1978 baada ya kuchunguza meno ya watu wa hapa hapa Tanzania, kinaanzia daraja 0, ambalo ni jino lisilo na athari, hadi daraja 9, ambalo ni jino lililopoteza sehemu kubwa ya enameli na kubadilika umbo. Kwa madaraja ya chini, kusugua kwa mchanganyiko wa asidi na unga laini wa kukwangulia hutosha mara nyingi. Kazi hiyo huondoa tabaka jembamba sana, sehemu ndogo tu ya milimita, na hufanyika ufizi ukiwa umekingwa kwa kitambaa cha mpira. Baada ya hapo kung'arisha kwa jeli ya peroksaidi husaidia kusawazisha rangi. Kwa madaraja ya kati, ambako enameli imeanza kumeguka, huongezwa kijazo chenye rangi ya jino. Vinia na kofia za meno zina nafasi yake pale athari zilipokwenda ndani zaidi. Ukirudi kwa yeyote kati ya madaktari wale, muulize athari kwenye meno yako zimefika kina gani na amejuaje. Asiyeweza kukujibu swali hilo asiguse meno yako kwa mashine ya kuchonga.

Kuhusu vinia, naomba nieleweke vizuri: ni tiba nzuri, nami mwenyewe naziweka. Vinia ya kauri iliyobandikwa vizuri inaweza kudumu miaka 10 na zaidi, haibadiliki rangi kwa chai, na huficha baka lolote. Lakini ili ikae, mara nyingi jino huchongwa kiasi cha nusu milimita hivi upande wa mbele, na enameli iliyochongwa hairudi tena. Kwa hiyo anayewekewa vinia akiwa na umri wa miaka 20 na kitu anaingia katika mkataba wa maisha: zitabadilishwa mara moja, mara mbili, pengine zaidi, na kila mara kwa gharama mpya. Mimi huwaambia wagonjwa waanze na njia inayochukua kidogo kwenye jino. Ukisugua na kung'arisha usiporidhika, mlango wa vinia bado uko wazi, ilhali aliyeanza na vinia hana njia ya kurudi nyuma.

Sasa nije kwenye kuridhika. Nilichokiona kwa wagonjwa wangu ni kwamba kuridhika hakuendi sambamba na weupe. Nimepata wagonjwa ambao baka la kahawia lilipungua tu, halikuisha, nao wakaondoka wakicheka hadi magego yakaonekana. Na nimepata walioletwa kwangu na meno meupe pee yaliyotengenezwa kwingine, wakiomba yafanywe yafanane na meno ya binadamu. Wanaoridhika zaidi ni wale ambao tangu mwanzo waliweza kusema kwa kinywa chao ni kitu gani hasa kinawakera. Wewe umetaja mambo matatu: kahawia iliyo katikati, michirizi myeupe, na ncha iliyomeguka. Je, yote matatu yanakusumbua kwa kiwango kimoja, au ukiondolewa ile kahawia peke yake utaacha kuziba mdomo kwa kiganja? Jibu la swali hilo linaweza kukuokolea meno 6 kati ya yale 8.

Kuna jambo jingine ambalo madaktari hatulisemi vya kutosha. Jino likikaa wazi bila mate kwa dakika chache tu hupoteza unyevu na kuonekana jeupe kuliko lilivyo. Kwa hiyo rangi ichaguliwe mwanzoni kabisa, kabla mdomo haujakaa wazi, na ikiwezekana karibu na dirisha kwa mwanga wa mchana, kwa sababu taa ya kliniki hudanganya. Kibao cha rangi kinachotumika kliniki nyingi kina rangi 16 zilizogawanywa katika makundi ya A, B, C na D. Omba vipande viwili vitatu viwekwe kando ya jino lako, utazame mwenyewe kwenye kioo. Vilevile, usitoe hukumu ya matokeo ukiwa bado kwenye kiti. Subiri hadi kesho yake meno yakisharudisha unyevu, na kwa upande wa kung'arisha subiri kama wiki mbili rangi itulie, maana hata kijazo hakipaswi kuwekwa kabla ya muda huo kupita; kikiwekwa mapema hakishiki vizuri, na rangi yake haitalingana na jino likishatulia.

Shangazi_Mikocheni

Mwanangu, mimi niliwekewa vinia kwenye meno 6 ya juu hapa Dar es Salaam, katika kliniki ambayo sitaitaja, kwa hiyo nitakujibu swali lako kama ulivyoliuliza, yaani baada ya muda kupita.

Siku niliyotoka nilifurahi mno. Nilipita kwa mdogo wangu kumwonyesha, naye akanitazama kitambo kisha akasema, "Dada, umependeza, lakini mwanya wako uko wapi?" Mimi nilikuwa na mwanya, wana jukwaa, mwanya uleule wa mama yangu na wa bibi yangu aliyekuwa Tanga, ambao nilisifiwa nao tangu nikiwa msichana na ambao marehemu mume wangu alisema ndiyo kitu cha kwanza alichokiona kwangu. Nilikwenda kliniki kwa sababu meno yalikuwa yamefubaa na mawili yalikuwa na vijazo vya zamani vilivyogeuka njano. Hakuna aliyeniuliza kuhusu mwanya. Yule daktari, kijana mpole na mwenye adabu, alidhani kwamba uwazi kati ya meno mawili ya mbele ni kasoro ambayo kila mtu angependa izibwe, basi akaziba, tena kwa umahiri mkubwa.

Hilo ni la kwanza. La pili, rangi iliyochaguliwa ilikuwa nyeupe kabisa, na meno yangu ya chini yalibaki na rangi yake ya asili ya mtu mzima aliyekunywa chai ya maziwa maisha yake yote. Nikicheka, juu palionekana kama vigae vya bafuni. La tatu, ambalo hakuna mtu aliyenionya, ni matamshi: kwa wiki za mwanzo kila nilipotamka "s" au "z" ilitoka mbinja, na mimi ni mtu wa kusoma matangazo kanisani. Hilo liliisha lenyewe ulimi ulipozoea. Ufizi nao ulikuwa ukivuja damu kila nikipiga mswaki, kwa kuwa, kama nilivyokuja kuelezwa, kingo za vinia mbili zilikuwa zimejaa kupita kiasi pale zinapokutana na ufizi, na uchafu ukawa unashika hapo.

Kwa hiyo, je, niliridhika? Baada ya mwaka, hapana. Watu walinisifu, na kila sifa iliniudhi, kwa sababu walikuwa wakimsifu mtu ambaye mimi simfahamu. Nilikwenda kwa daktari mwingine, mama wa makamo, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuniagiza nilete picha zangu za zamani nikiwa nacheka. Akazipanga mezani, akapima mwanya kwenye picha, akachukua chapa ya meno yangu kwa plasta, akatengeneza umbo kwa nta, kisha akanibandikia kava ya muda ya plastiki juu ya meno niende nayo nyumbani. Nilikula nayo, nikaongea nayo kwenye simu, nikamwita mdogo wangu aitazame. Nikarudi na maoni: meno mawili ya mbele yapunguzwe urefu kidogo, na mwanya uongezwe. Alipunguza, akaongeza. Ndipo vinia mpya zikatengenezwa, kwa rangi inayokaribiana na meno ya chini.

Sasa nimeridhika, na natamani kila kliniki ingefanya vile tangu mwanzo. Mwanangu, usikubali kuchongwa jino hata moja kabla hujavaa ile kava ya majaribio na kukaa nayo angalau hadi waliokuzoea wakuone.

Mzee_wa_Njoro

Binti yangu, salamu kutoka Nakuru. Huku kwetu Njoro maji ya visima virefu yana floraidi nyingi kwa sababu ileile ya kwenu, ardhi ya volkano ya Bonde la Ufa, na mimi nina meno ya kahawia tangu utotoni. Nimefundisha shule, nimeoa, nimezika wazazi na kuozesha mabinti kwa meno hayahaya, na sijawahi kutamani kuyabadilisha. Nasema hivyo bila nia ya kukukataza. Nataka tu lisomwe humu kwamba wapo wanaoridhika na meno yao kabla ya daktari yeyote kuyagusa, na kwamba mtu asipelekwe kliniki na mizaha ya ofisini ikiwa yeye mwenyewe anapojitazama haoni tatizo.

Kijana wangu wa mwisho ni tofauti. Alihamia Nairobi, akaanza kuona haya, akataka meno yang'arishwe, nami nikamchangia pesa. Alipewa trei ya plastiki iliyotengenezwa kwa umbo la meno yake na jeli ya kuweka ndani yake usiku. Baada ya usiku wa kwanza alipiga simu nyumbani akiwa amefadhaika: kahawia ilikuwa imeanza kupauka, lakini ile michirizi myeupe ambayo awali haikuonekana sasa ilikuwa imejitokeza kuliko zamani, na meno yalikuwa yakishtuka kwa maji baridi. Hakuwa ameambiwa kwamba hayo yangeweza kutokea. Alitaka kuacha. Daktari wake alimtuliza, akamwambia aruke usiku mmoja mmoja na aendelee, na kweli baada ya majuma kadhaa sehemu zilizozunguka michirizi nazo zikawa nyeupe, tofauti ikapungua, na kule kushtuka kukaisha. Leo yeye ameridhika, ingawa mimi nikimtazama bado naona kahawia kidogo upande mmoja. Yeye haioni, au anaiona na haimsumbui, na nadhani hilo ndilo ulilokuwa unauliza.

Mwalimu_UsaRiver

Daktari, samahani kwa kuongeza swali. Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na tunatumia maji ya kisima hapa Usa River. Nimesikia kwamba tukichemsha maji floraidi inaisha, na kwamba mtoto akipewa dawa ya meno isiyo na floraidi meno yatakuwa meupe. Je, ni kweli? Nisingependa naye aje kuandika humu kama alivyoandika dada yetu.

Tabibu_wa_Kinywa

Mwalimu, swali lako limekuja kwa wakati wake, kwa sababu enameli ya meno makubwa ya mbele ya mtoto wako inajengwa sasa hivi ndani ya taya, na umri kati ya mwaka mmoja na mitatu hivi ndio hatari zaidi kwa meno hayo. Akishavuka umri wa miaka 5 au 6, meno hayo ya mbele yanakuwa yamekwisha kujengwa na hayawezi tena kupata madoa ya floraidi, hata kama bado hayajaota.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki, kwa hiyo kuchemsha kwa muda mrefu huizidisha. Yanayosaidia ni kupata maji kutoka chanzo kingine kilichopimwa, kukinga maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia chakula cha mtoto, au kutumia chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho jirani yako, kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa muda mrefu iliruhusu kiwango kikubwa kuliko hicho kutokana na uhaba wa vyanzo mbadala, hivyo mtu akikuambia kwamba kisima fulani kilipimwa zamani kikapita, muulize kilipita kwa kiwango kipi.

Angalia pia magadi. Baadhi ya magadi yanayotumika kulainishia maharage na makande katika ukanda wetu yana floraidi nyingi, na watafiti wamekuta watoto wenye meno ya kahawia hata mahali ambapo maji hayakuwa na tatizo. Ama dawa ya meno, si lazima uiache yenye floraidi; tumia kiasi kidogo tu, kama punje ya mchele, na umfundishe kutema. Kwa mtoto wa Usa River maji na magadi ndiyo ya kuhangaikia kwanza.

Binti_Kikatiti

Nawashukuru nyote, na shikamoo Shangazi, shikamoo Mzee. Nimesoma majibu yenu na kuyarudia, kisha nikakaa mbele ya kioo nikajiuliza lile swali la daktari kuhusu mambo yangu matatu. Ile michirizi myeupe, kwa kweli, nilikuwa naitaja kwa sababu kliniki ya kwanza iliitaja. Mimi mwenyewe nilikuwa siioni. Kinachonifanya nizibe mdomo ni kahawia ya meno mawili ya mbele, na ile ncha iliyomeguka kwa sababu ulimi hauachi kuigusa.

Nimeamua kurudi kwenye kliniki ya pili kwa ajili ya meno hayo mawili kwanza. Nina maswali mawili ya mwisho kwa daktari. Je, inawezekana kusugua mawili tu bila yale ya pembeni kuonekana ya ajabu? Na je, nitajuaje kwamba nimeridhika kweli, na si kwamba nimejilazimisha kuridhika kwa kuwa nimekwisha kulipa?

Tabibu_wa_Kinywa

Inawezekana, ndiyo. Daktari atasugua mawili hayo, atasubiri, atakutazama tena baada ya wiki kadhaa, kisha ninyi wawili mtaamua kama kung'arisha meno yote ya juu kunahitajika ili yalingane. Ncha iliyomeguka iachwe hadi mwisho, ili kijazo chake kifuate rangi iliyokwisha kutulia. Kumbuka kwamba kijazo hakibadiliki rangi kwa jeli, hivyo ukitaka kung'arisha tena miaka ijayo huenda kikahitaji kubadilishwa. Mwambie pia daktari mapema kama una ujauzito au unanyonyesha, maana katika hali hizo ni desturi kuahirisha kung'arisha.

Swali lako la pili ni gumu zaidi, na watafiti wamelihangaikia pia. Kuna dodoso linalotumika, limetumiwa hata hapa Tanzania kwa Kiswahili, ambalo haliulizi kabisa kama meno yako ni mazuri. Linauliza kuhusu shughuli 8 za kila siku, zikiwemo kula, kuzungumza, kusafisha kinywa, kuchangamana na watu, na kutabasamu au kucheka huku meno yakionekana bila kuona haya. Kisha linauliza katika miezi iliyopita ni mara ngapi kinywa chako kilikuzuia kufanya kila moja, na kwa uzito gani. Nakushauri ujiulize hivyo kabla ya kuanza matibabu, uandike majibu mahali na tarehe yake, kisha ujiulize tena miezi 6 baadaye bila kutazama ulichoandika kwanza. Mtu anaweza kujidanganya kuhusu rangi anayoiona kwenye kioo, lakini kiganja kilichozoea kuziba mdomo ama kimeacha ama hakijaacha, na wenzako wa mapokezi watakuwa wamekwisha kuliona hilo kabla yako.

Siku ya kwanza, kabla ya kazi yoyote, omba upigwe picha ya meno peke yake na nyingine ya uso mzima ukiwa unacheka, na umwombe daktari aandike kwenye kadi yako namba ya rangi ya kila jino. Chukua nakala ya vyote viwili ukae navyo, kwa sababu siku utakapohitaji kubadilisha kijazo hicho huenda ukawa Mwanza au Mtwara, mbele ya daktari ambaye hajawahi kukuona.